Sabuni haihitaji utafiti

Mwaka jana nilimpeleka shosho hospitali moja hapa Nairobi. Kwa wodi kulikuwa na sinki, maji yako, sabuni hakuna. Nikauliza. Jamaa mmoja wa ofisini akanijibu bila aibu: "Bado tunafanya utafiti kuhusu usafi wa mikono."

Utafiti? Manze, sabuni inahitaji mtu wa kuinunua, basi.

Hebu tuelewane, juu kuchanganya haya mambo mawili kunaumiza watu. Utafiti ni kutafuta jibu ambalo bado hakuna mtu analo. Je, dawa mpya inashinda ya zamani? Hatujui. Mgonjwa anayekubali kushiriki anabeba hatari kwa faida ya watu ambao hatawahi kukutana nao. Ndiyo maana lazima aelezwe, akubali mwenyewe, na akikataa bado atibiwe. Ndiyo maana kuna kamati za maadili, na hapa Kenya leseni ya NACOSTI.

Kuboresha huduma ni kitu kingine. Jibu liko tayari. Swali ni kwa nini hapa kwetu halifuatwi. Unapima, unarekebisha, unapima tena.

Cheki kilichotokea Michigan, Marekani. Daktari Peter Pronovost wa Johns Hopkins na wenzake walipeleka orodha fupi kwenye ICU zaidi ya 100, kuzuia maambukizi yanayoletwa na mrija wa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Nawa mikono. Safisha ngozi na klorheksidini. Vaa glavu, gauni na barakoa, umfunike mgonjwa. Epuka mshipa wa paja. Toa mrija usiohitajika. Hakuna jipya hapo, madaktari walijua yote. Ndani ya miezi mitatu, angalau nusu ya ICU hizo zilikuwa zinaripoti maambukizi sifuri.

Halafu mwaka 2007 ofisi ya serikali inayolinda washiriki wa utafiti ikasema huu ni utafiti uliokosa idhini inayofaa, na kazi ya kukusanya takwimu ikasimama. Watu wakapiga kelele, na Februari 2008 ofisi ikalegeza kamba. Fikiria: mgonjwa aombwe sahihi ndiyo daktari anawe mikono!

Najua kuna msee anaandika saa hii: "Si basi tufute hizo kamati zote?" Hapana. Wewe nawe soma Tuskegee, Alabama. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani ilifuatilia wanaume weusi karibu 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Huo ulikuwa utafiti uliovishwa nguo za matibabu, na watu walikufa.

Kwa hivyo uongo unaenda pande mbili. Kuna anayeita majaribio "maboresho" ili asikuombe ruhusa. Na kuna anayeita uzembe "utafiti" ili asinunue sabuni. Wote wawili wanatuchezea.

Na msidanganywe kwamba tofauti ni kama ripoti itachapishwa ama la. Mradi wa Michigan ulichapishwa, na bado kunawa mikono hakukugeuka kuwa majaribio. Uliza hivi: hiki mnachonifanyia kinajulikana kinasaidia, ama mnataka kujua? Kama mnataka kujua, nielezeni, niamue. Kama kinajulikana, mnangoja nini?

Ukiwa hospitali, uliza hilo swali kwa sauti. Hauhitaji digrii, mimi pia sina. Katiba yetu, Kifungu cha 43, inakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sabuni inaweza kufikiwa. Mimi niliipata kwa kiosk nje ya geti, nikamrudishia shosho anawe.