Mzinga bila mafunzo ni sanduku tupu



Natoa maoni yangu juu ya mizinga ya nyuki inayogawiwa vijijini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Sikonge, Mkoa wa Tabora, mahali ambapo asali si habari mpya.

Siku hizi wananchi wanahimizwa sana kufuga nyuki, na ni haki wahimizwe. Vikundi vya vijana na vya akina mama hupewa mizinga ya kisasa ya mbao. Siku ya kukabidhi, hotuba husomwa, picha hupigwa na mizinga huhesabiwa. Baada ya hapo haonekani mtu wa kuja kuuliza kama nyuki wameingia. Hapa kijijini kwetu kikundi kimoja cha vijana kilipewa mizinga 20. Hawakuonyeshwa namna ya kuitundika. Waliipanga juani, karibu na njia wanayopita watoto wa shule. Mwaka ulipokwisha, mizinga 17 ilikuwa na mijusi na buibui tu. Ile mitatu iliyopata nyuki ilitimua watoto njiani mpaka wazee wakaamuru ihamishwe usiku. Sasa vijana wale wanasema nyuki hawana faida.

Kwa maoni yangu, lawama si ya vijana. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema fuata mzinga. Anayegawa mzinga bila mafunzo amegawa sanduku tupu.

Kwa wenzangu wanaotaka kuanza, naeleza kwa ufupi mambo ambayo warina asali wa siku nyingi hawabishani juu yake. Kwanza, usianze na mizinga mingi. Miwili au mitatu yatosha kwa kujifunzia. Itundike kabla ya msimu ambao makundi ya nyuki huhama kutafuta makao, si baada yake. Chagua mahali penye kivuli, maua na maji, mbali na nyumba, shule, njia na mifugo. Kama maji yako mbali, weka chombo cha maji chenye vijiti vya kutulia nyuki ili wasizame. Usipofanya hivyo watakwenda kisimani, na huko watakutana na akina mama na watoto.

Pili, mzinga wa mbao una vibao vinavyopangwa juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yake. Upana wa kila kibao uwe kama milimita 32. Kikiwa kipana au chembamba mno, masega hushikana, na ukifungua unavunja kila kitu. Paka nta iliyoyeyushwa katikati ya kila kibao. Harufu yake huwavuta nyuki, na mstari ule huwaongoza wajenge sega lililonyooka. Tundika mzinga kwa waya na upake grisi kwenye waya ili sisimizi wasipite. Nyegere naye si wa kudharauliwa, kwa hiyo mzinga uning'inie pasipofikika kwa urahisi.

Tatu, uwe na subira. Mwanzo usifungue mzinga kila siku kuchungulia. Nyuki wetu wa Afrika wakisumbuliwa huhama wote, ukabaki na masega matupu. Wakati wa kurina ukifika, chukua masega ambayo sehemu kubwa imefunikwa kwa nta. Asali isiyoiva ina maji mengi na huchacha. Masega yenye majana yaache, maana hao ndio nyuki wa kesho. Bakiza na asali ya chakula chao. Anayekomba yote amewafukuza mwenyewe.

Nne, usirine peke yako wala bila vazi na bomba la moshi. Mwenge wa moto huua nyuki na huunguza msitu. Ukiumwa, kwangua mwiba upesi na uondoke mahali pale, kwa kuwa harufu ya mwiba huwaita nyuki wengine. Mtu akivimba uso au akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri dawa za nyumbani.

Wapo wanaodai kwamba mizinga ya wazee ni ushamba na itupwe yote. Sikubaliani nao. Mzinga wa gome ni mwepesi, hauna gharama, na nyuki huupenda. Ubaya wake ni kwamba mti unaochunwa gome pande zote hufa, na nyuki hutegemea miti hiyohiyo kwa maua. Kwa hiyo mzinga wa mbao una maana kubwa hapa kwetu, lakini ni lazima uende pamoja na ujuzi wa wazee wale wale tunaowacheka. Wao wanajua mti gani huchanua lini na nyuki hupita wapi. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na kila mwaka tunazika sehemu yake.

Nina maombi mawili kwa wahusika. La kwanza, mzinga usigawiwe kijijini kabla wanakijiji hawajafundishwa kwa vitendo, na anayeugawa arudi kuukagua baada ya msimu mmoja. Taarifa ziandike debe za asali na kilo za nta, zisiandike idadi ya mizinga tu. La pili, shule zilizo karibu na misitu zisaidiwe kuanzisha manzuki ndogo mbali na madarasa, na mzee mrina asali alipwe posho afundishe vijana pamoja na ofisa nyuki. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na wanafunzi wangu bado hujifunza habari za nyuki kwa mchoro wa ubaoni, wakati msitu unaonekana dirishani.

Tukiendelea kuhesabu mizinga bila kuhesabu asali, tutakuwa na takwimu nzuri na chai ya sukari ya dukani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sikonge, TABORA.