Asilimia 40 ya Mwalimu na Nyumba ya Desemba

Juni 2024, Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, alisimama bungeni na kutangaza kwamba sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mkupuo kwa wastaafu waliozoea kanuni ya asilimia 50 inapanda kutoka asilimia 33 hadi 40. Vyama vya wafanyakazi vilipiga makofi. Walimu wa Bukoba na Muleba walipongezana kwenye makundi ya WhatsApp, na tangu hapo dai limebaki lilelile: bado, tunataka 50 yetu irudi.

Mimi sioni ushindi hapo. Naona kundi la watu wazima, wengi wao wamefundisha hesabu miaka thelathini, wakigombania asilimia bila kuuliza fedha yenyewe inakwenda wapi. Kwetu Kagera inajulikana inakokwenda. Inakwenda kwenye kibanja, inageuka tofali, nondo na bati la rangi, kisha inakaa kimya mpaka Desemba watoto warudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza.

Nitatenda haki kwa wanaodai. Aliyeajiriwa akiwa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa PSPF au LAPF aliahidiwa nusu, na mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa kuwa PSSSF akaambiwa robo. Kelele zilikuwa kubwa hadi Rais Magufuli akaisimamisha kanuni hiyo Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja 33. Kubadilishiwa masharti ukiwa umebakiza miaka miwili kustaafu ni uonevu, na serikali iliyokuwa ikidaiwa na mfuko huo kiasi cha kulazimika kuutolea hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 haina uso wa kumfundisha mwalimu nidhamu ya fedha. Wapo pia wanaosema mstaafu akifa mapema pensheni ya mwezi inakatika na wategemezi wanapata malipo yenye ukomo. Ni kweli. Hoja hizo nazijua na ninaziheshimu, lakini hazijibu swali langu.

Swali langu limo ndani ya kikokotoo chenyewe, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, kwenye namba ambayo hakuna anayeibebea bango: 12.5.

Tuseme mwalimu wa Kamachumu anastaafu akiwa na miaka 35 kazini, yaani miezi 420, na wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni 1,200,000 kwa mwezi. Chukua 420, gawa kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka, shilingi milioni 14.4. Pensheni yake kamili ya mwaka ni kama milioni 10.4. Kwa asilimia 33 analipwa mkupuo wa milioni 43 (asilimia 33 ya hiyo, mara 12.5), kisha 582,000 kila mwezi. Kwa asilimia 40 mkupuo unapanda hadi milioni 52, na kwa kanuni ileile pensheni ya mwezi inashuka hadi 521,000. Hakupewa kitu. Amenunua milioni 9 za leo kwa kuuza shilingi 61,000 za kila mwezi, maisha yake yote.

Je, amenunua ghali au rahisi? Hapo ndipo 12.5 inaposema. Kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiacha, mfuko unakupa shilingi kumi na mbili na nusu mkononi. Moja kugawa kwa 12.5 ni asilimia 8. Maana yake ni hii: fedha ya mkupuo ikizalisha zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, umepata, na mtaji bado ni wako na wa wanao. Ikizalisha chini ya hapo, kila mwezi unapokea pungufu ya ulichouza, na unaanza kuula mtaji. Mengine yote yanayosemwa kwenye mikutano ya kikokotoo, ya 33, ya 40, ya 50, yanasubiri jibu la swali hilo moja.

Asilimia 8 si mlima. Hatifungani ya serikali ya miaka 20, hata baada ya Benki Kuu kuishushia riba mwaka 2022, ilibaki na asilimia 12.10, ikilipwa kila miezi sita. Mwalimu wetu angeziweka milioni 52 zake zote huko angepata zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, ambazo ni kama 525,000 kwa mwezi. Tazama tena: hiyo ni pensheni ya pili, kubwa kama ya kwanza. Asiyetaka kuhangaika na mnada wa Benki Kuu ana mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ukiwemo Jikimu na ule wa Hatifungani. Hisa nazo zipo. CRDB waliziuza shilingi 150 mwaka 2009 zilipoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa mwaka 2023 pekee gawio lilikuwa shilingi 50 kwa kila hisa. Hisa hupanda na kushuka, kwa hiyo simshauri mzee wa miaka 60 aweke zote huko. Lakini asiniambie hakuna pa kuweka.

Sasa tuirudie nyumba. Nyumba ya kupangisha Kashai au Hamugembe ni uwekezaji. Ina mpangaji, ina kodi, na ukibanwa unaweza kuiuza. Sina ugomvi nayo. Ninayoisema ni ile ya vyumba sita kijijini Nshamba au Kanyigo, iliyojengwa katikati ya migomba na mibuni ya babu. Haina mpangaji, kwani kijijini nani apange vyumba sita? Huwezi kuiweka rehani kirahisi. Wala huwezi kuiuza, kwa sababu iko juu ya ardhi ya ukoo, na ukoo una mkono mrefu. Kesi ya Holaria Pastory inasimuliwa mpaka leo: mwanamke wa Kihaya aliyeuza kibanja alichorithi kwa shilingi 300,000, akashtakiwa na mtoto wa ndugu yake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa ushindi na haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini hata katika hukumu hiyo ya kihistoria, aliyeshindwa aliachiwa mlango: akirudisha zile 300,000 ndani ya miezi sita, ardhi anaikomboa. Ni mnunuzi gani mwenye akili atakulipa thamani ya jumba lako akijua mpwa wako anaweza kuja kulikomboa?

Na tusisahau Septemba 10, 2016. Tetemeko la ardhi lilipita Kagera alasiri moja, na maelfu ya nyumba zilizokuwa akiba ya maisha zikawa kifusi. Wenye nyumba wengi hawakuwa na bima. Januari iliyofuata Rais Magufuli alikuja Bukoba na kuwaambia watu kila mtu ajijengee.

Kwa hiyo mtu anachukua milioni 52, anazizika mahali zinapozalisha sifuri, pasipouzika, kwenye ukanda wa matetemeko, kisha anapanda jukwaani Mei Mosi kulalamika kwamba serikali imempa kidogo! Kwa ile asilimia 8 aliyoiuza, jumba hilo linamgharimu karibu 348,000 kila mwezi, ili lilaliwe wiki mbili za senene na Krismasi. Angepewa asilimia 50 angeongeza ghorofa.

Najua nitajibiwa kwamba Mhaya asiye na nyumba kwao hazikwi kwa heshima. Nyumba ya vyumba vitatu inazika kwa heshima ileile, na inaacha milioni thelathini za kununulia dawa za presha.

Ninyi vyama vya wafanyakazi, CWT na TALGWU, mtakapoitisha tena kikao cha kikokotoo Bukoba au Muleba, acheni mabango nyumbani. Leteni karatasi yenye safu mbili: mkupuo unaopanda upande mmoja, pensheni ya mwezi inayoshuka upande wa pili. Waleteni na mtu wa UTT na wa Benki Kuu wakae meza ya mbele. Na kila anayenyanyua mkono kudai asilimia 50 aulizwe kwanza, mbele ya wenzake, atazipeleka wapi.