Injini ya Zamani ya Mashindano: Mlipe Anayeijua Kazi Yako

Tangu mashindano ya Safari Classic yaanzishwe mwaka 2003, magari ya zamani ya Safari yamegeuka bidhaa. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, leo huwekwa na wengine katika hesabu moja na hisa na viwanja. Lakini kwa mwekezaji mdogo, aliyechanga na wenzake wawili kununua gari moja, hatari kubwa haipo siku ya kununua. Ipo siku injini inapopelekwa kufanyiwa ovahoo.

Wanunuzi wengi huiogopa gereji ya bei rahisi, na wana haki. Safu hii inaiogopa zaidi gereji yenye jina kubwa katika kazi isiyo yako. Karakana ya Ulaya iliyozoea mbio za uwanjani hutengeneza injini ya kuzunguka kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, juu ya lami safi, karibu na usawa wa bahari. Safari ni siku kadhaa za vumbi na joto, kwa petroli inayopatikana njiani. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini isiyo na turbo takriban asilimia 15 ya nguvu zake, na kabureta iliyorekebishwa pwani hummiminia petroli iliyozidi. Chujio la hewa likiwa dhaifu, vumbi husaga ringi na silinda kabla mashindano hayajaisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Muulize: injini ngapi za aina hii ulizozijenga zimerudi kutoka mashindano marefu, na ulipozifungua ulikuta nini? Fundi wa kweli atakueleza beringi ipi huanza kulika. Mwingine atakuonyesha vikombe ukutani.

Injini ya 240Z ina silinda 6 na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,393. Bloku ni chuma cha kusubu, hedi ni aluminiamu, na zote zimepita miaka 50. Kipenyo cha silinda kikiwa kimeanza na milimita 83, bloku huenda imeshachongwa mara mbili au tatu na mafundi usiowajua. Karakana ipime unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti kabla haijagusa mashine ya kuchonga, kwani ukuta ukiwa mwembamba hakuna pistoni ya ovasaizi itakayoiokoa. Nyufa za krenkishafti na konrodi hutafutwa kwa sumaku. Hedi ya aluminiamu haishiki sumaku, hivyo hupimwa kwa rangi maalumu na kwa shinikizo. Gereji itakayokuambia inapima hedi kwa sumaku, chukua injini yako uondoke.

Dai karatasi ya vipimo, yenye nafasi ya kila beringi kwa sehemu za mia za milimita, pamoja na matokeo ya kupima nguvu mashineni. Siku ya kuuza, mnunuzi mwerevu ataitaka karatasi hiyo kabla ya kuomba kusikia mngurumo. Namba iliyogongwa kwenye bloku isifutwe, na vipuri vya zamani urudishiwe vyote, hata vilivyovunjika.

Kuhusu fedha, usilipe zote mwanzoni. Lipia kwanza kufungua na kukagua, upate makadirio kwa maandishi, kisha ulipe kwa awamu na kubakiza sehemu ya tano hadi injini ipimwe ikiwaka. Mkataba utaje namba ya bloku na useme wazi kuwa ni mali yako. Karakana ndogo hufilisika kama biashara nyingine yoyote, na mfilisi akifunga mlango, injini isiyo na karatasi itahesabiwa pamoja na mali ya mdaiwa.

Ikiwa inatumwa nje, wakala wako wa forodha aandae hati za kuitoa kwa muda kwa ajili ya matengenezo kabla haijapakiwa. Bila hati hizo, injini yako mwenyewe inaweza kutozwa ushuru bandarini kama mzigo mpya, na gharama ya kuihifadhi itaendelea kuhesabiwa kila siku mnapobishana.