UCHAMBUZI: Siasa za ugenini zinapoamua bei ya miraa Meru

NI vigumu kupata bidhaa nyingine ya Kenya inayodhihirisha kwa uwazi kama miraa jinsi biashara ya kimataifa inavyotegemea mila na siasa za watu wengine.

Miraa ikishachumwa hupoteza nguvu zake kwa muda wa siku mbili hivi. Ndiyo sababu hufungwa kwa majani ya mgomba, ikapakiwa kwenye pikapu zinazotimua mbio kutoka Maua hadi Nairobi, na kusafirishwa kwa ndege. Haiwezi kuwekwa ghalani ikisubiri mabalozi wamalize mazungumzo. Mpaka ukifungwa leo, mkulima wa Igembe hupata hasara kesho.

Uholanzi ilipiga marufuku zao hilo mwaka 2013. Uingereza ikafuata Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu wanaoishauri serikali hiyo kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza miraa isiharamishwe. Kamati ya Mambo ya Ndani ya Bunge la nchi hiyo pia ilikuwa na msimamo kama huo. Serikali haikuwasikiliza.

Wengi hapa nchini walidai kwamba Wazungu walidharau mila za Kiafrika. Hiyo ni nusu tu ya ukweli. Miongoni mwa waliopigania marufuku hiyo kwa bidii zaidi walikuwa Wasomali wanaoishi Uingereza, wakiwemo akina mama waliolalamika kwamba waume zao walishinda kwenye maskani za kutafuna huku familia zikitaabika. Kwa Wameru, miraa ni zao la heshima, hupelekwa hata wakati wa posa. Kwa mama wa London, jani lilo hilo lilikuwa mwizi wa mshahara wa nyumba. Wajumbe wetu walipotetea kipato cha mkulima, hawakuwa na jibu kwa mama huyo.

Baada ya hapo Somalia ikabaki kuwa tegemeo kuu, nayo ina misukosuko yake. Novemba 2006, Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliokuwa ukitawala Mogadishu uliharamisha miraa. Mwezi uliofuata muungano huo ulitimuliwa na majeshi ya Ethiopia na ya serikali ya mpito, na biashara ikarejea.

Machi 2020 ndege za miraa zilisimamishwa tena, safari hii kwa sababu ya janga la Covid-19. Ugonjwa, hata hivyo, haukuwa tatizo la pekee. Nchi hizi mbili zilikuwa zikizozania mpaka wa baharini katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Desemba 2020 Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi, ikiilaumu Kenya kwa kuingilia siasa zake, wakati ambapo kiongozi wa Somaliland alikuwa mgeni wa serikali jijini Nairobi. Uhusiano ulirejeshwa Mei 2021, lakini miraa iliendelea kuzuiwa. Ni baada ya Rais Hassan Sheikh Mohamud kuingia madarakani ndipo ndege zilianza kutua tena, Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili, wafanyabiashara wa Ethiopia walikuwa na nafasi ya kujijenga katika soko hilo, na mteja aliyezoea ladha nyingine harudi kwa kuitwa tu.

Serikali ya Kenya nayo haijasaidia sana. Ilisubiri hadi mwaka 2016 ndipo sheria ikaitambua miraa kuwa zao rasmi. Kisha Mei 2024, magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, ambayo ni nduguye miraa kutoka Embu, wakisema inaharibu vijana wa Pwani. Rais William Ruto alitangaza kwamba amri hizo hazina nguvu kisheria, na mahakama ikazisimamisha. Suala la afya ya vijana likaachwa lilivyokuwa. Serikali isiyoweza kuwaridhisha wazazi wa Mombasa itawaeleza nini wabunge wa London?

Wizara ya Kilimo inafaa kuutafiti uamuzi wa Uingereza kwa makini, ijue ni malalamiko gani yaliyousukuma, na ianze kuyajibu hapa nyumbani. Aidha, mkulima wa Nyambene asaidiwe kupanda makadamia na mazao mengine yanayostawi Meru kando ya miraa, kwani matawi yataendelea kuchipuka hata siku ambayo Mogadishu itafunga uwanja wake wa ndege.