Fungeni Kitabu Kwanza

Ipo desturi mbaya inayoenea katika vyama vya wanafunzi wapendao ndege, nami nataka kuipinga waziwazi. Mwanafunzi huona ndege juu ya mti. Kabla hajamtazama barabara huinamia kitabu chake, akafunua kurasa mbio mbio hata akakuta picha iliyo karibu na ndege yule, akapaza sauti na kutaja jina. Wenzake huliandika. Ndege amekwisha kuruka zamani, wala hapana hata mmoja kati yao awezaye kusema kama mdomo wake ulikuwa mnene au mwembamba. Huko wanakuita kutambua ndege. Mimi nakuita bahati nasibu.

Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000. Kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002, kina picha za aina zaidi ya 1,300 kwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika umati kama huo, atafutaye kufanana hakosi kupata. Kila chozi ana ndugu zake, kila mnana ana binamu zake, na majike wao wengi wamevaa rangi za kufifia ambazo hata wataalamu huwakunisha vichwa. Kitabu hakikutungwa ili kuonyesha kufanana; kilitungwa ili kuonyesha tofauti. Roger Tory Peterson, Mmarekani aliyetoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1934, aliwaweka pamoja ndege wafananao, akachora vijistari vya kuelekeza jicho kwenye alama moja au mbili zinazomtenga huyu na yule. Kabla ya hapo wataalamu wengi walimtambua ndege akiwa maiti mkononi, baada ya kupigwa risasi. Peterson alisaidia kuiweka darubini mahali pa bunduki. Sasa sisi tumeishika darubini, na macho tumeyaacha kitabuni.

Nitatoa mfano mmoja, nao watosha. Juu ya uwanda wa Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, anaishi ndege mdogo wa majanini: kifua manjano, mgongo wa hudhurungi wenye michirizi, na ukucha wa kidole cha nyuma mrefu kupita kiasi. Jina lake la kitaalamu ni Macronyx sharpei. Haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, tena katika malisho ya nchi za juu tu. Hupenda nyasi fupi zenye mafungu mafungu, ambamo hujificha na kutaga. Malisho hayo yakilimwa viazi au yakipandwa miti, yeye hana pa kuhamia. Nayo yamelimwa sana. Ndiyo sababu amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Lakini anaye ndugu, Macronyx croceus, naye manjano, naye wa majanini, naye mwenye ukucha mrefu. Huyu ameenea sehemu nyingi za Afrika, wala hana taabu. Tofauti iko kifuani. Huyu wa kawaida, akiisha kukomaa, huvaa ukanda mweusi chini ya koo. Yule adimu hana ukanda, ana michirizi tu. Na kinda la huyu wa kawaida halijapata ukanda kamili, kwa hiyo hata alama hiyo yataka kutazamwa kwa utulivu. Aliyetazama kifua anayo haki ya kutaja jina. Aliyeona manjano akakimbilia kitabu amebahatisha.

Mtu ataniuliza: kosa la mwanafunzi litamdhuru nani? Litamdhuru ndege. Katika mradi wa Kenya Bird Map nchi imegawanywa viraba vya kilomita 9 hivi kila upande, na raia yeyote aweza kupeleka orodha ya ndege aliowakuta katika kiraba. Ramani zitokanazo na orodha hizo zaweza kulinganishwa na zile za kitabu cha Adrian Lewis na Derek Pomeroy cha mwaka 1989, ikajulikana ni ndege gani amepungua, na wapi. Orodha hukaguliwa, lakini mkaguzi hakuwapo malishoni. Wanafunzi kumi wakiandika Macronyx sharpei kila waonapo kifua cha manjano, ramani itasema ndege yuko tele, na mwenye kutaka kulima malisho ya mwisho atakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wakimwandika wa kawaida mahali alipo adimu, malisho yatalimwa bila mtu kujua kilichopotea.

Wako wasemao kuwa haya yamepitwa na wakati, maana simu ya mkononi husikiliza sauti ya ndege ikataja jina. Siichukii simu. Lakini simu hutaja lile linaloelekea kufanana zaidi. Aipokeaye bila kutazama amefanya kosa lile lile, ila kwa haraka. Wako na wengine, na hawa hunikera zaidi, wasemao kuwa vitabu hivi ni mchezo wa wageni kwa kuwa vingi vimeandikwa kwa Kiingereza. Aibu ya lugha ni yetu, tuitengeneze. Walakini wakulima wa Kinangop waliojiunga kumhesabu ndege wao, na vijana waongozao wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke, hawakuona kuwa ni mchezo wa mtu mwingine.

Basi kitabu kifungwe kwanza. Ndege atazamwe maadamu yupo: ukubwa wake ukilinganishwa na shomoro, njiwa au kunguru, mdomo, miguu, mkia, anatembea au anaruka-ruka, yuko majini, majanini au mitini. Yaandikwe hayo. Ndipo kitabu kifunguliwe, tena kwa ramani na maelezo kabla ya picha. Mwanafunzi wa Kakamega aandikaye mwezi wa Juni kwamba ameona mbayuwayu wa Ulaya angesoma kwamba karibu wote wako Ulaya wakati huo wakilea makinda, na kwamba magharibi mwa Kenya yuko mbayuwayu mwingine mkazi, Hirundo angolensis, afananaye naye sana.

Na mwalimu atoaye zawadi kwa orodha iliyo ndefu kuliko zote, aikomeshe zawadi hiyo muhula huu. Ampe yule aliyeleta majina manane, na mstari wa tisa ulioandikwa: ndege wa manjano, kifua sikukiona, jina silijui.