Spea ya Mtandaoni: Pesa Iwe ya Mwisho Kutoka

Giaboksi ya Probox imekufa Jumatatu asubuhi. Gari hilo ndilo linalobeba mboga zako hadi sokoni, na kila siku likilala kwa fundi, hakuna kinachoingia. Jioni unapekua simu, unaona giaboksi "ex-Japan", picha safi, bei nusu ya ile uliyotajiwa dukani. Unapiga. Muuzaji anakwambia, "Boss, kuna mtu anaikujia saa hii. Tuma kitu kidogo nikuwekee."

Hapo ndipo wengi huumia. Si kwamba hawajui magari. Wana haraka, na tapeli anaijua haraka yao.

Kazi yetu sisi ni kutuma pesa, kwa hivyo ungetarajia tukuhimize utume. Maoni yetu ni tofauti: ukinunua spea iliyotumika mtandaoni, usitume hata ile "kitu kidogo" kabla ya kuhakikisha mambo haya.

Kwanza, lijue gari lako. Mwombe fundi akuandikie namba ya chesisi, aina ya injini na namba iliyo kwenye kifaa chenyewe. Fielder mbili zenye injini ya 1NZ zinaweza kuwa na giaboksi tofauti: moja CVT, nyingine otomatiki ya kawaida. Muuzaji akisema tu "hiyo itaingia," bado hajakujibu.

Pili, omba video. Picha huibwa popote. Muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke juu ya kifaa, kisha asogeze simu hadi namba ya kifaa isomeke. Aliye na mali mkononi hatumii hata dakika tano.

Tatu, kama duka liko Kirinyaga Road nawe uko Kitale, tafuta mtu unayemwamini Nairobi aende kuiona, ikiwezekana pamoja na fundi. Nauli yake ni ndogo kuliko bei ya giaboksi hewa.

Sasa lipa, ikiwezekana kwa namba ya biashara, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa la mtu mwingine, simama. "Hiyo ni laini ya shemeji" si jibu. Kisha dai risiti iliyoandikwa siku za kurudisha kifaa kikikataa.

Tuseme ukweli: huduma ya kurejesha pesa ni ya aliyekosea namba. Ukimtumia tapeli kwa hiari, naye akazitoa, kilichobaki ni kuripoti polisi upate namba ya OB, na kungoja.

Wauzaji hulalamika kwamba wateja husema "nakuja" wasitokee. Ni kweli, na inachosha. Lakini yeye akipoteza mteja, giaboksi bado anayo. Wewe ukitapeliwa, huna pesa, huna giaboksi, na Probox bado iko kwa fundi.