MASHAURI YA NYUMBANI: Kijiti Kimoja, Vyumba Viwili

Mama mmoja ameniandikia barua, nami namjibu hapa kwa kuwa najua nyumba nyingi zina shida hiyo hiyo. Asema hivi: "Tuna televisheni mbili, kubwa sebuleni na ndogo chumbani mwa mama mkwe, ambaye hawezi kutembea tangu alipovunjika nyonga. Kijiti cha kuleta picha za intaneti ni kimoja tu. Watoto wataka katuni, bibi yao ataka habari. Kila jioni ni kelele, na mwishowe mzee hukaa gizani peke yake. Fundi asema ninunue kijiti cha pili. Je, hakuna njia nyingine?"

Zipo njia tatu, mama, na kila moja ina faida na kasoro yake.

Njia ya kwanza ni kukihamisha. Chromecast ya Google iliyotoka mwaka 2013, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2024, na Fire TV Stick ya Amazon iliyotoka mwaka 2014, zote huchomekwa katika tundu la HDMI la televisheni. Kijiti hukumbuka intaneti ya nyumba, hivyo hakihitaji kuandaliwa upya kila kikihama. Chukueni kijiti, waya wake wa umeme, na rimoti yake kama kinayo. Kisha kwa rimoti ya televisheni chagueni tundu lile mlilochomeka, HDMI 1 au HDMI 2. Wengi husahau jambo hili, wakadhani kijiti kimeharibika. Tena kichomoeni polepole kwa kukishika chenyewe, wala msivute waya, maana tundu huweza kulegea.

Njia ya pili ni kugawa picha. Kuna kisanduku kidogo kiitwacho splita. Kijiti huchomekwa humo, na nyaya mbili hutoka, moja kwa kila televisheni. Hapa jihadharini dukani! Kiko kisanduku kingine kinachofanana nacho, lakini kazi yake ni kinyume: huingiza vijiti viwili katika televisheni moja. Tazameni midomo yake kabla ya kulipa. Splita ina mdomo mmoja ulioandikwa IN na miwili iliyoandikwa OUT. Nao waya usiwe mrefu mno. Waya wa kawaida wa HDMI ukipita mita 10 hivi, picha huweza kukatika-katika. Msiulaze mlangoni mzee au mtoto asije akajikwaa, wala msiupitishe nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa ajili ya radi.

Lakini fahamuni jambo moja kubwa: splita huonyesha picha ile ile pande zote mbili. Watoto wakiweka katuni, bibi naye ataona katuni. Faida ni kwamba kila televisheni ina sauti yake, hivyo mzee asiyesikia vizuri aweza kuongeza kwake bila kuwasumbua walio sebuleni. Faida nyingine ni bando, kwa sababu kijiti kimoja huvuta intaneti mara moja tu, hata kama televisheni ni mbili.

Njia ya tatu ni hiyo ya fundi, kijiti cha pili. Hapo kila chumba kina hiari yake. Lakini pigeni hesabu kwanza. Picha safi sana huweza kula hadi GB 3 kwa saa moja, na picha ya kawaida hadi GB 1. Kijiti kimoja kwa saa mbili za picha safi ni GB 6 kila jioni. Vijiti viwili ni GB 12. Bei ya kijiti mtailipa mara moja, bali bando mtalilipa daima. Kama mna kimoja au viwili, ingieni katika mipangilio yake mchague picha ya kawaida. Katika televisheni ndogo ya chumbani mtaona tofauti ndogo tu.

Sasa, mama, shauri langu kwako. Splita haikufai, maana watu wako hawataki kitu kimoja. Kijiti cha pili chaweza kungoja. Wekeni saa. Watoto wapate katuni tangu saa kumi na moja mpaka saa moja jioni, masomo yakiisha. Saa moja na nusu kijiti kihamie kwa bibi, kikae huko mpaka habari ziishe, na mkubwa yeyote asikiazime "kidogo tu". Saa hizo zitangazwe na baba mbele ya wote, ili lawama isikuangukie wewe peke yako.

Tena mtoto anayepeleka kijiti asikichomeke na kukimbia. Akae naye, ambadilishie anachotaka, amweleze maandishi yanayopita chini. Umeniandikia kwamba mzee hukaa gizani peke yake. Televisheni itamwondolea giza, lakini upweke hauondoki kwa waya wala kwa kisanduku. Watoto wako wakienda kwa zamu, kila mmoja na jioni yake, bibi atapata habari pamoja na mjukuu wa kuzizungumza naye.